Paspoti ya miaka 10, wewe hesabu 9

Haya sikizeni, kila Ramadhani ikikaribia simu yangu haipumui, huyu anataka umra, huyu ana mgonjwa wa kupeleka India, huyu kapata kazi Dubai, na swali ni lilelile, "paspoti yangu inaisha mwezi wa kumi, si bado naweza kuisafiria?" Jibu langu siku zote ni kwamba tarehe iliyoandikwa pale ni ya serikali yetu ya Kenya, na huko unakokwenda nao wana yao.

Saudia, Imarati na India wanataka paspoti iwe na miezi 6 mbele. Nchi za Ulaya zilizo kwenye Schengen (zile zinazotumia viza moja) wanataka miezi 3 baada ya siku unayotoka kwao, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Afrika Kusini ni walaini zaidi, siku 30 baada ya kuondoka, lakini nao wanataka kurasa mbili tupu, sasa kama kitabu kimejaa mihuri hata tarehe iwe nzuri vipi bado una kazi. Kwa hivyo paspoti yako ya miaka 10 kwa safari nyingi za watu wa huku kwetu ni ya miaka 9 na nusu, ukitoa na muda wa kungoja mpya ndo unabaki na 9 hivi.

Na msifikiri mtakwenda kuwabembeleza watu wa uhamiaji huko mbele, maana hamfiki. Anayekuzuia ni yule kijana wa kaunta ya ndege hapahapa, kwa sababu shirika likimpeleka mtu akakataliwa ni wao wanaomrudisha kwa gharama zao na faini juu. Khalati yangu alisimamishwa hivyohivyo, kundi zima la umra limeshapima mizigo, yeye yule kijana akafungua paspoti, akahesabu kwa vidole Novemba, Desemba, Januari, Februari, akairudisha juu ya kaunta taratibu kama anarudisha chenji. Ilikuwa na miezi 4 na kitu. Wakala aliyemkatia tiketi (simtaji) alikuwa na kopi ya paspoti ile siku zote hizo na hakuna aliyeiangalia tarehe. Viza alikuwa nayo, hoteli imelipwa, ihramu za wajomba ziko ndani ya sanduku lake, ikabidi lifunguliwe palepale watu wagawane vitu. Kwa hivyo ukimpa wakala paspoti usimwachie na akili yako pia, mwambie akuhesabie miezi mbele yako.

Sasa tuje kwa wale waliozikimbilia hizi paspoti mpya za kielektroniki mwanzoni. Zilianza kutolewa Septemba 2017, na za mwanzo kabisa zinafika mwisho Septemba 2027, kumaanisha kwa safari ya Saudia zinakufa Machi 2027. Wengi wetu tulibadilisha kwa mkupuo mmoja wakati zile za zamani zinapigwa marufuku (mwisho ulikuwa 30 Novemba 2022, baada ya kusogezwa mara kadhaa, mwajua wenyewe sisi Wakenya na tarehe za mwisho), kwa hivyo na kuisha tutaishiwa kwa mkupuo. Foleni itakuwa ileile. Na nani kasahau 2023, mashine za kuprinti zimeharibika, vitabu hakuna, watu wana kazi Ghuba zinawangoja na paspoti haitoki mpaka Kindiki, waziri wa mambo ya ndani wakati huo, anatoa matangazo kila mara? Mambo yamekuwa mazuri tangu hapo lakini mie siwezi kumwambia mtu angoje mwezi wa mwisho. Mwaka wa kumi ukianza, anza na wewe.

Na kuongezewa muda hakuna, kuna watu bado wanadhani utapigwa muhuri uendelee. Unapewa kitabu kipya na namba mpya. Hii namba mpya watu wanaipuuza, na ndo inayoleta balaa, kwa sababu viza nyingi siku hizi ziko mtandaoni na zimefungwa na namba ya paspoti, sasa ukiomba viza kwa ya zamani halafu ukabadilisha paspoti katikati umejitia kazi mbili. Paspoti kwanza, viza baadaye, tiketi mwisho.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na akaunti yako mwenyewe, si ya kijana wa saiba, maana ujumbe wote utamwendea yeye na kesho humpati. Unajaza fomu, unachagua kitabu cha kurasa 34, 50 au 66 (mabaharia na wafanyabiashara wa China chukueni kikubwa, wengine 34 yatosha), bei iangalieni palepale siku unayolipa, msitegemee bei aliyolipa shemeji yenu zamani. Namba ya kulipia serikali ni 222222, mtu akikupa namba yake ya simu ati "nitakusukumia", huyo anajisukumia mwenyewe. Halafu unachagua Mombasa na siku yako, unaprinti, unakwenda ofisi ya uhamiaji, jengo la Uhuru na Kazi pale Mama Ngina, ukiwa na kitambulisho chenyewe na kopi, paspoti ya zamani na kopi, picha na risiti. Iliyopotea unaanzia polisi upewe abstrakti, ile karatasi ya kuonyesha umeripoti. Ya mtoto inataka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, na tarehe yake iangalie kivyake, usidhani inaisha pamoja na yako.

Jina lazima liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa mashine ni watu watatu tofauti, na hapa mjini hatuishi kuwa nao.

Kuna na hili la alama za vidole, zinachukuliwa hapohapo ofisini. Niliwahi kumsindikiza bibi mmoja wa mtaani, miaka yote kakuna nazi na kufua kwa mkono, anaweka kidole kwenye kile kioo mashine inakataa, anaweka tena inakataa, yule dada wa ofisini alikuwa na subira maskini, akampangusa kwa tishu akamwambia bibi kandamiza kama unapiga chapa mkate, na kweli ikashika. Kwa hivyo wazee wapakeni mafuta mikono siku kadhaa kabla, waioshe vizuri siku yenyewe, na mabibi harusi piko la nchani mwa vidole lingoje.

Siku ya kuchukua utapata ujumbe, unakwenda mwenyewe. Palepale kabla hujatoka mlangoni fungua usome jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho, kosa likionekana hapo ni rahisi kuliko ukifika nyumbani Kisauni ndo unaliona. Na ya zamani kama ina viza ya Marekani ambayo haijaisha, usiitupe, viza hiyo bado inafanya kazi, utasafiri na paspoti zote mbili.