Biashara ya watu wanane na mchoro wa kazi: yaliyotukuta kinuni Kisenyi

Ndugu uliyeuliza kama biashara ya watu wanane inahitaji kuchorewa mtiririko wa kazi, au hayo ni mambo ya makampuni makubwa: inahitaji, tena sana. Kwetu sisi wadogo utaratibu wote umo vichwani mwa watu. Siku mmoja akifiwa akaenda kijijini, nusu ya kazi inaondoka naye.

Mimi nina kinu cha kukoboa na kusaga mahindi hapa Kisenyi, Kampala. Tuko tisa. Mahindi yetu hutoka Masindi na Kiryandongo, mara nyingine Iganga. Kwa muda mrefu nilisumbuliwa na unga kurudishwa. Mwenye duka anapiga simu: unga unanuka uvundo, umeshikana mabonge mfukoni. Nilimlaumu mwendesha mashine, nikaweka mwingine, na unga ukaendelea kurudi.

Mchoro wa kwanza niliuchora peke yangu mezani. Visanduku saba vimepangana: kupokea, kupima, kusafisha, kukoboa, kusaga, kufungasha, kuuza. Ulipendeza, lakini haukuwa wa kweli. Nilikuwa nimechora kazi ninavyoitaka iwe.

Wa pili nilibandika karatasi mbili za manila ukutani, nikaamka na lori la saa kumi na moja alfajiri, nikafuata gunia moja toka mgongoni mwa mpakuzi mpaka likawa unga. Kila mtu akaeleza hatua yake mwenyewe. Nilipoandika "kupima unyevu" baada ya "lori kufika", mkuu wa wapakuzi akanikatiza: "Bosi, hapo umeruka. Sisi tunashusha kwanza. Kupima ni mpaka karani aje."

Kipimo cha unyevu kilikuwa kwenye droo ya karani, na karani anaingia saa mbili asubuhi. Hapo lori limeshaondoka, magunia yamepangwa, mengine yamefunguliwa na kuchanganywa. Kwenye michoro hii, mahali pa kuamua huchorwa umbo la almasi, lenye mshale wa "ndiyo" na mshale wa "hapana". Almasi yetu iliuliza: unyevu umezidi asilimia 13.5? Hicho ndicho kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi. Mshale wa "ndiyo" haukuwa na pa kwenda. Mahindi yasiyokauka yakigundulika, hakuna aliyekuwa na la kufanya, basi yanasagwa.

Jambo hili linaniuma kwa sababu mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu hiyo, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti. Kipimo cha unyevu hakionyeshi sumu yenyewe, hiyo hupimwa maabara, lakini kinakuzuia usiendelee kuifuga ghalani.

Basi almasi tukaihamisha mpaka nyuma ya lori. Sasa kipimo anakaa nacho mkuu wa wapakuzi, anachoma bambo, kile chuma cha kutolea punje za kupima, kwenye magunia ya juu, ya kati na ya chini kabla kamba hazijafunguliwa zote, na ana ruhusa yangu ya kukataa. Yaliyo sawa yanashushwa. Yaliyozidi kidogo yanakwenda kwenye turubai juani, na bei inashuka. Yaliyolowa kabisa, lori linageuka. Wafanyabiashara wawili walinikasirikia wakanihama. Msimu uliofuata nilirudishiwa mifuko miwili tu.

Mchoro huohuo ulituonyesha pia kuwa gunia linavuka uwanja mara tatu kufuata mizani. Tukahamisha mizani, safari hizo zikaisha.

Kuhusu programu uliyouliza: zipo za bure, draw.io ni mojawapo, lakini anza na karatasi. Wapakuzi wangu hawatasimama kuzunguka kompyuta, bali ukutani wanasimama, wananyoosha kidole, wanabishana. Huku kwetu mmoja anasema Kiganda, mwingine Kisoga, mwingine Kiswahili cha Busia, na wawili hawasomi, kwa hiyo pembeni ya maneno tulichora gunia, mizani na jua. Kila mtu akapewa rangi yake, na sanduku lililokosa rangi likaonekana mara moja kuwa halina mwenyewe. Usihangaike na maumbo mengi: yai la kuanzia na kumalizia, mstatili wa kazi, almasi ya uamuzi na mishale vinatosha. Frank na Lillian Gilbreth, mume na mke waliochunguza namna watu wanavyofanya kazi, waliowasilisha chati za namna hii kwa wahandisi wa Marekani mwaka 1921 walikuwa wanatafuta kitu hichohicho, mwendo usio na kazi.

Sisi huchora upya kila mwaka kabla ya mavuno ya Juni, maana mvua na watu hubadilika. Wewe usichore biashara nzima. Chukua kazi moja inayokurudia na malalamiko, uifuate kwa miguu, kisha piga picha ya karatasi uiweke hapa tuitazame pamoja.