Jibu: Mzee anatokwa na jasho na kuwa mkali kabla ya mchana, je, ni sukari kushuka?

Ndugu, umeeleza kwamba baba yako, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, anameza glibenklamaidi, kidonge cha kisukari kinachoshusha sukari ya damu, kila asubuhi, na kwamba ikikaribia saa tano hutokwa na jasho, huwajibu watu kwa ukali na hushindwa hata kufunga vifungo vya shati, ilhali majirani hapo Mbagala wanasema ni joto na uzee. Nimemuuguza mama yangu, anayechoma insulini, kwa muda mrefu, na kwa dalili hizo ningeshuku sukari kushuka kabla ya jambo lingine lolote.

Jasho la joto la Dar hukauka mtu akikaa penye upepo. Jasho la sukari kushuka mara nyingi huwa la baridi na huja hata akiwa ametulia kivulini, pamoja na kutetemeka, moyo kwenda mbio na njaa ya ghafla. Kwa wazee, hata hivyo, dalili hizo huweza kuwa hafifu, hasa kama wanatumia baadhi ya dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, na kinachoonekana kwanza ni tabia kubadilika. Mama yangu huanza kuuliza swali lilelile mara tatu na kukataa katakata kwamba ana tatizo, kwa hiyo hatubishani naye, tunapima.

Kipimo cha sukari kikionyesha chini ya 3.9 (kwa mmol/L), sukari imeshuka. Chini ya 3.0 ni hatari zaidi. Anawe mikono na kuikausha kwanza, kwani kidole kilichotoka kumenya embe hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Kama kipimo hakipo na dalili zipo, mpeni sukari bila kusubiri.

Kinachotakiwa ni gramu 15 hivi za sukari inayoingia haraka kwenye damu: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au karibu nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu, na andazi au chapati huchelewa kwa sababu ya mafuta. Madafu, ambayo wengi hapa huyakimbilia, yana sukari kidogo mno kwa kazi hii. Pimeni tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudieni. Ikishapanda, na mlo bado uko mbali, ale kitu kama mkate au ndizi.

Akizimia au akishindwa kumeza, msimtie chochote mdomoni, hata asali, kwa kuwa kinaweza kumpalia; mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali.

Sasa nirudi kwenye vidonge, maana hapa ndipo wengi hupumzika mapema mno. Glibenklamaidi hukaa mwilini kwa muda mrefu, hasa figo zikiwa zimechoka, na sukari iliyopandishwa kwa soda saa tano inaweza kushuka tena jioni au usiku. Akishazidiwa kwa dawa hii, anahitaji kuangaliwa hospitalini hata kama ameamka na anacheka. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza wazi kwamba glibenklamaidi haiwafai watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kwa maoni yangu, hilo pekee linatosha kukupeleka kliniki wiki hii, bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake.

Kwa sasa asimeze kidonge kisha akaondoka bila kunywa chai na kula. Akishindwa kula, mpigieni daktari kabla ya kukimeza. Andikeni kwenye daftari saa ya dawa, alichokula na namba ya kipimo kila dalili zinapokuja, kisha mwulize daktari kama dawa inaweza kubadilishwa na kama figo zake zimepimwa karibuni.