Usinunue mabomba kwa hesabu hiyo: mwinuko wa chemchemi na wa tangi haukuanzia mahali pamoja

Ndugu, usinunue hata bomba moja kwa hesabu uliyoiweka hapa. Umeandika kwamba chemchemi yenu iko mita 1,412 kwa mujibu wa ramani ya zamani ya kontua (mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa), kwamba mahali patakapojengwa tangi simu yako inasoma mita 1,389, kwamba umbali ni kilomita tatu na nusu, na kwa kuwa 1,412 ukitoa 1,389 inabaki 23, basi maji yatashuka yenyewe kwa mserereko bila pampu. Ukauliza pia mwinuko wa ardhi hupimwaje hasa, kwa nini Kilimanjaro hutajwa kwa namba tofauti, programu ipi ya simu ni nzuri, na bomba liwe la inchi ngapi. Nitaanza na hiyo hesabu ya kutoa, kwa sababu ndiyo itakayomaliza michango ya wanakijiji.

Namba yako ya kwanza na ya pili hazikuhesabiwa kutoka sifuri moja. Ramani ya kontua huhesabu kutoka wastani wa usawa wa bahari. Bahari yenyewe haitulii, na katika pwani yetu wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3; ndiyo maana wapimaji huweka kipimo bandarini, wakarekodi kimo cha maji kwa muda mrefu, na wanaoweza huendelea kwa miaka 19 ili mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6 uingie wote, kisha wastani wa namba hizo zote ukaitwa sifuri. Kwa Tanzania sifuri hiyo ilianzia Tanga. Kutoka bandarini mwinuko ulipelekwa bara kidogo kidogo, kutoka alama moja ya zege hadi nyingine, kwa darubini na fimbo ya kupimia, hadi ukafika kwenye ramani unayoishika.

Satelaiti haijui lolote kuhusu bandari ya Tanga. Kipokezi cha satelaiti, kama kile kilichomo ndani ya simu yako, hukokotoa mahali ulipo kwa kutumia umbo laini la kihisabati linaloitwa elipsoidi, tufe lililobonyea kidogo kwenye ncha, ambalo umbali wake kutoka katikati hadi ikweta ni mita 6,378,137. Uso ambao bahari ingeufuata kama ingetulia na kupenyezwa chini ya mabara yote, yaani jioidi, si laini hivyo, kwa sababu miamba iliyo chini yetu haina uzito sawa kila mahali na mvutano wake hutofautiana. Kusini mwa India jioidi imezama zaidi ya mita 100 chini ya elipsoidi, na karibu na New Guinea imepanda zaidi ya mita 80 juu yake. Sisi wa Afrika Mashariki tuko upande wa kuzama, kwa hiyo kipokezi kisichosahihishwa kinakupa namba ndogo kuliko ya ramani, na tofauti yenyewe si ya sentimita.

Kilimanjaro unaoutaja unaonyesha jambo hilo waziwazi. Mita 5,895 zilitokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952, upimaji wa satelaiti wa mwaka 1999 ukatoa 5,892, na ule wa mwaka 2008 ukatoa 5,891. Hizo zote ni namba za kutoka usawa wa bahari, na zinatofautiana kwa sababu vifaa na makadirio ya jioidi yameboreka, mlima haukufupishwa. Lakini ukihesabu kilele hicho hicho kutoka kwenye elipsoidi unapata takriban mita 5,875. Ni pengo la mita kama 16, kileleni pale pale, na hakuna aliyekosea kupima.

Sasa zirudishe mita 16 hizo kwenye mradi wako wa mita 23.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu kamati yetu ya maji, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, ilipita njia hiyo hiyo. Banio letu, yaani mahali maji yanapozuiwa ili yaingie kwenye bomba, lilikaa sawasawa kwenye mstari wa kontua wa mita 1,320, nasi tukaichukua namba hiyo kutoka kwenye ramani. Bomba lilipaswa kuvuka mgongo wa kilima kabla ya kuteremka kwenye tangi, na mwinuko wa mgongo na wa tangi tuliupata kwa mtaalamu aliyekodiwa pamoja na kipokezi chake kikubwa cha satelaiti. Akatuletea jedwali safi: mgongo mita 1,301, tangi mita 1,284. Tukatoa. Kutoka banio hadi mgongoni tukaona mita 19, hadi kwenye tangi mita 36, tukashukuru, tukanunua bomba la milimita 63, na watu wakachimba mtaro kwa mikono yao wenyewe.

Maji yalipofunguliwa, hesabu ilikuwa imetuahidi ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde kama 14. Ilichukua karibu dakika nzima. Kiangazi kilipoingia na maji ya banio kupungua kina, hewa ilinasa mgongoni, bomba likawa linakohoa badala ya kutiririsha, na akina mama wakarudi mtoni na madumu yao huku wakipita juu ya mtaro waliouchimba. Fundi mmoja wa idara ya maji ya wilaya nyingine ndiye aliyekuja na darubini ya kusawazisha akapima kutoka banio hadi mgongoni kwa mkono. Mgongo haukuwa chini ya banio kwa mita 19. Ulikuwa chini kwa mita 1.6.

Mita 17 na kitu zilikuwa zimekwenda wapi? Fundi yule aliomba lile jedwali, akaweka kidole juu ya safu ya mwisho. Kichwa cha safu kilikuwa herufi moja tu, h ndogo, ikifuatwa na neno mita. Katika lugha ya wapimaji h ndogo ni kimo kutoka kwenye elipsoidi, H kubwa ni kimo kutoka usawa wa bahari, na kati yao kuna N, tofauti ya jioidi mahali hapo. H kubwa ni h ndogo ukitoa N, na kwa kuwa kwetu N ni hasi, kutoa huko kunageuka kujumlisha. Mgongo wetu uliosomwa 1,301 ulikuwa kwenye 1,318 za ramani. Tulikuwa tumewapima watoto wawili, mmoja amesimama sakafuni na mwenzake juu ya kigoda, tukatangaza nani mrefu.

Yule mtaalamu siwezi kumsamehe kirahisi. Aliulizwa mbele ya kamati kama namba zake zinaoana na za ramani, akajibu kwamba satelaiti haikosei. Ni kweli haikukosea. Aliyekosa uaminifu ni yeye, kwa sababu kifaa chake kilikuwa na uwezo wa kutoa H kubwa kwa kubofya mahali pamoja tu, na alilipwa ili ajue hivyo. Mtu asiye na elimu ya upimaji hana namna ya kuitambua herufi ile. Mwenye elimu anayeiacha bila maelezo mbele ya watu wanaotoa michango ya mauzo ya kahawa ya misimu miwili ametenda dhuluma, hata kama kila tarakimu kwenye jedwali lake ni sahihi. Ilibidi banio lihamishwe juu zaidi ya mto na bomba jipya liongezwe, na fedha hizo hazikutoka mfukoni mwake.

Usidhani ni tatizo la vijijini. Wajerumani na Waswisi walipojenga daraja la Laufenburg juu ya mto Rhine, kila upande ulihesabu mwinuko kutoka bahari yake: Ujerumani kutoka Amsterdam, Uswisi kutoka Marseille. Walijua kabisa kwamba tofauti ni sentimita 27 na wakaiweka kwenye hesabu, ila mtu alijumlisha palipotakiwa kutoa, na mwaka 2003 ikagundulika kwamba pande mbili zimepishana sentimita 54.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na ningependa uiandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi: usitoe mwinuko kutoka kwa mwinuko mwingine kabla hujajua kwamba zote mbili zimehesabiwa kutoka sifuri moja na kwa kifaa cha aina moja. Kila namba ya mwinuko iandikwe na chanzo chake pembeni. Ramani, simu, kipokezi na picha za satelaiti zisichanganywe katika hesabu moja hata kama zinaonekana kukaribiana, maana simu zenyewe hazifanani: nyingine hutoa kimo cha elipsoidi na nyingine hukisahihisha kwanza, na mara nyingi kioo hakikuambii ni kipi. Data za mwinuko zilizokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, ambazo hutumika katika ramani nyingi za mtandaoni, zinahesabiwa kutoka jioidi, lakini penye msitu mnene zinaelekea kusoma vilele vya miti badala ya udongo. Simu yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa nayo ina shida yake, kwa kuwa katika nchi za joto mgandamizo hupanda asubuhi hadi kama saa nne na kushuka hadi kama saa kumi alasiri. Badiliko la hektopaskali 3 tu (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo wa hewa) linasogeza mwinuko kwa mita 25 hivi, ilhali wewe umesimama pale pale. Mita zako 23 zote zingeweza kuwa tofauti ya asubuhi na alasiri.

Hata mahali namba zote mbili zimetoka kwenye ramani moja, angalia nafasi kati ya kontua. Ikiwa ni mita 20, kila sehemu unayoikadiria kwa macho katikati ya mistari inaweza kukosea mita kadhaa, na makosa mawili yakikutana mita 23 zinabaki chache sana.

Kwa mradi wa mserereko huhitaji kujua mko mita ngapi juu ya Bahari ya Hindi. Maji yenu hayaendi baharini. Yanatoka kwenye banio na kwenda kwenye tangi. Liite banio sifuri, halafu mtafute fundi mwenye darubini ya kusawazisha na fimbo mbili, apime kwa hatua fupi kufuata njia yenyewe ya bomba, akiweka darubini katikati ya fimbo ya nyuma na ya mbele ili kosa la darubini lijifute lenyewe. Akifika kwenye tangi asiruhusiwe kufungasha. Arudi akipima hadi kwenye banio, na jumla ya kupanda na kushuka kwake ikaribie sifuri. Kwa kazi ya kawaida kosa linalovumilika ni milimita 12 zikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha kilomita alizopima, ambazo kwa mzunguko wenu wa kilomita 7 ni kama milimita 32. Asiporudi alikoanzia hamna njia ya kujua kama alisoma fimbo vibaya mahali fulani. Vipokezi viwili vya satelaiti vinavyofanya kazi kwa pamoja, kimoja kikikaa kwenye banio na kingine kikitembea, navyo vinafaa, mradi ncha zote mbili zipimwe kwa vyombo hivyo hivyo siku hiyo hiyo, kwa kuwa jioidi haibadiliki sana ndani ya kilomita chache.

Na asipime ncha mbili tu. Hukutaja njia ya bomba inapita wapi. Kila mgongo, kila bonde na kila mahali mtaro utakapopanda baada ya kushuka pawe na kigingi chenye namba, kwa sababu maji yetu yalikwama mgongoni wakati tangi lilikuwa chini vya kutosha. Ukishapata daftari la fundi, weka hapa vimo vya vigingi vyote kuanzia kwenye banio, umbali kati ya kigingi na kigingi, na kina cha chini kabisa cha maji ya chemchemi mwezi wa Septemba au Oktoba, ndipo tuzungumze bomba liwe la inchi ngapi.