Methali za Kiluba zisiharibike ndani ya simu

SWALI: Jambo sana Mama. Mimi ni asistanti katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Profesa wetu alikusanya methali za Kiluba. Zilichapwa nakala 300, zimekwisha. Wanafunzi wanapiga picha kurasa kwa simu. Pesa za leseni hatuna. Je, matbaa ya chuo inaweza kutoa kitabu cha kielektroniki kwa programu huria, na kikaaminika?
– A., Kasapa

JIBU: Jambo mwanangu. Inaweza. Kitabu kinaaminika kwa sababu ya watathmini na msahihishaji waliokipitia, bei ya programu haiongezi kitu hapo. Iko programu huria ya Open Monograph Press, ya mradi wa Public Knowledge Project ulioanzishwa Canada na John Willinsky mwaka 1998: inapokea muswada, inaupeleka kwa watathmini, inafuatilia masahihisho hadi kitabu kitoke. Chuo Kikuu cha Cape Town kinaitumia. Ila inataka seva na mtu wa kuitunza, na faili la EPUB, yaani kitabu chenyewe cha kielektroniki cha kusoma kwenye simu, haikutengenezei. Kwa kitabu kimoja, msianzie huko.

Anzeni na muswada. Nilipanga herufi miaka mingi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, Kamalondo. EPUB yangu ya kwanza, vichwa vya sura nilivikuza na kuvikoleza tu. Ukurasa wa yaliyomo ukatoka mtupu. Programu haijali ukubwa wa herufi, inatafuta mtindo (style), ile alama inayoiambia kwamba hiki ni kichwa. Katika LibreOffice, programu huria ya kuandikia, kipeni kila kichwa mtindo wake, mtoe EPUB humo humo, kisha mrekebishe kwa Sigil, programu ya kuhariri EPUB.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni toni, kule kupanda na kushuka kwa sauti katika neno. Miswada mingi ya zamani ilipigwa kwa fonti zilizoweka alama za toni mahali pa herufi nyingine. Kwenye simu utaona vijisanduku vitupu, na Kiluba ukikiondolea toni neno laweza kugeuka neno jingine, methali imekufa. Geuzeni maandishi yote yawe ya Unikodi, mfumo wa pamoja unaoipa kila herufi namba yake, mtumie fonti ya Charis SIL: ni ya bure, na leseni yake inaruhusu kuiweka ndani ya kitabu. Halafu Profesa mwenyewe asome methali moja moja, kwenye simu ya bei ndogo kama za wanafunzi wake. EPUBCheck, programu ya kukagua EPUB, itawaonyesha makosa ya faili; toni iliyokosewa haiijui.

Msisahau ISBN mpya, namba ya kutambulisha kitabu, ile ya karatasi haitumiki hapa, na idhini ya Profesa iwe kwa maandishi.

Nitumie sura ya kwanza kabla hamjagusa ya pili. Nataka kuziona hizo toni.