Folda inasema haipo, mbona naiona?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimehamia kwenye kompyuta mpya. Vitu vyangu nilivipitisha kwenye diski ya nje, na sasa nataka kuisafisha. Zimebaki folda tatu zilizogoma kufutika. Ya kwanza, Windows inasema imefunguliwa kwenye programu nyingine, na mimi nimefunga kila kitu. Ya pili inataka nipate ruhusa kwa mtu ambaye jina lake ni mlolongo wa tarakimu unaoanzia S-1-5-21. Ya tatu ndiyo kichekesho: nikiifuta naambiwa haipo, huku naiona kwa macho yangu. Rafiki kaniambia nipakue programu ya kufuta kwa nguvu. Niipakue?

JIBU: Usiipakue kwanza, ndugu yangu. Programu za namna hiyo hazina uchawi. Nyingi hufanya yale yale ambayo Windows yenyewe inaweza kufanya, na baadhi huja na abiria usiowaalika. Tena folda zako zina magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Nashukuru umenisomea ujumbe wa kila moja. Wengi huandika "folda haifutiki" basi, hapo inabidi nipige ramli.

Ya kwanza ni nyepesi. Kwenye Windows, programu inapofungua faili, yenyewe ndiyo inayotamka kama wengine wanaweza kulifuta wakati linatumika. Nyingi hazikubali. Na kufunga dirisha si lazima iwe kufunga programu: kicheza video kinaweza kuwa bado kinaendelea chinichini, antivairasi inakagua, au programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni inapakia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika resmon, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha linaloonesha programu zinazofanya kazi. Ingia kwenye CPU, tafuta kisanduku cha Associated Handles, yaani orodha ya vitu vilivyoshikiliwa na programu, kisha andika sehemu ya jina la folda yako. Utaoneshwa nani kaishikilia. Mimi niliwahi kupoteza karibu nusu saa nikimsaka mwizi wa aina hii, kumbe ni dirisha langu mwenyewe la amri nililoliacha wazi likiwa limesimama ndani ya folda ile ile. Ukishamjua mhusika, mfunge kistaarabu, halafu futa. Usipopata kitu, zima kompyuta na uiwashe tena, ufute kabla hujafungua chochote.

Ya pili. Huyo S-1-5-21 ni wewe mwenyewe, wewe wa kompyuta ya zamani. Windows haimtambui mtumiaji kwa jina bali kwa namba hiyo, na namba hutolewa na kompyuta husika. Folda ilipoandikwa kwenye diski, ilisajiliwa kwa namba ya akaunti yako ya zamani. Kompyuta mpya haina akaunti yenye namba hiyo, ndiyo maana inakuonesha tarakimu tupu badala ya jina. Hata ukijiita jina lile lile, kwake wewe ni mgeni.

Dawa ni kujimilikisha folda, kisha kujipa ruhusa. Tafuta cmd, dirisha la kuandikia amri, kwenye menyu ya kuanzia, bofya kulia, chagua kuifungua kama msimamizi. Tuseme diski yako ni E na folda inaitwa Picha za zamani:

takeown /f "E:\Picha za zamani" /r /d y
icacls "E:\Picha za zamani" /grant "%username%":F /t
rd /s /q "E:\Picha za zamani"

Mstari wa kwanza unabadilisha mwenye folda, wa pili unakupa ruhusa kamili mpaka folda za ndani kabisa, wa tatu unafuta. Hiyo /q maana yake usiulize, na rd haipeleki kitu kwenye kapu la taka. Kikiondoka kimeondoka. Soma herufi ya diski mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Usije ukazoea utamu wa takeown ukaipeleka kwenye folda ya Windows au Program Files. Mafaili mengi ya mfumo yanamilikiwa na TrustedInstaller, akaunti maalumu ya Windows yenyewe, kwa makusudi, yasichezewe hata na msimamizi. Wengine huihangaikia Windows.old, folda inayohifadhi Windows ya awali, kwa amri hizi hizi, wakati Windows huiondoa yenyewe siku 10 baada ya toleo jipya kuwekwa.

Sasa ya tatu, ninayoipenda zaidi. Folda ipo kweli, na Windows haisemi uongo kusudi. Ninavyoona, jina lake linaishia na nafasi tupu au nukta. NTFS, mfumo ambao Windows hutumia kupanga mafaili kwenye diski, hauna shida na jina kama hilo, na Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, au programu fulani za kufungua mafaili yaliyobanwa zinaweza kuliandika. Lakini ile tabaka ya Windows inayopokea maombi ya programu za kawaida ina mazoea ya tangu zamani: hukata nafasi na nukta za mwisho wa jina. Kwa hiyo wewe unaona "Ripoti" yenye nafasi nyuma yake, unasema ifutwe, Windows inakata ile nafasi, inakwenda kutafuta "Ripoti" isiyo na nafasi, inaikosa, inarudi kukuambia haipo. Ni kama mjumbe aliyetumwa kwa Salimu akaenda kuulizia Salim.

Unachohitaji ni kuiambia Windows ilichukue jina kama lilivyo, isiliguse. Hilo hufanywa kwa alama nne mbele ya njia ya folda (anwani yake kamili kuanzia herufi ya diski), \\?\, namna hii:

rd /s /q "\\?\E:\Ripoti "

Angalia nafasi iliyopo kabla ya alama ya kufungia nukuu. Hiyo ndiyo roho ya amri nzima. Kama jina linaishia na nukta, weka nukta mahali pake. Kama nafasi ni mbili, weka mbili. Ajabu ni kwamba ukiichomeka diski hiyo kwenye kompyuta ya Linux, folda inafutika bila maneno.

Alama hizo nne zinatibu na ugonjwa mwingine wa ukoo huo huo: folda zenye majina yaliyokatazwa kama aux, con, nul au prn. Hayo ni majina ya vifaa tangu enzi za MS-DOS, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows. Con ni kibodi na skrini, prn ni printa, na Windows imeyarithi mpaka leo.

Kuna pia folda zinazogoma kwa sababu njia yake ni ndefu mno, kwa kuwa programu nyingi za Windows hukwamia kwenye herufi 260. Hapo mimi hutengeneza folda tupu, E:\tupu, halafu naiamuru folda ndefu ifanane nayo:

robocopy E:\tupu "E:\Folda ndefu" /mir

Kila kilichomo kinaondoka, kwa sababu folda tupu haina kitu cha kufananishwa nacho. Kuwa makini na jina la pili, maana chochote utakachokitaja hapo ndicho kitakachofagiliwa.

Ukikuta ujumbe kwamba folda imeharibika na haisomeki, hizo amri zote ziweke kando. Hapo tatizo ni mpangilio wa diski yenyewe. Nakili unachokihitaji, kisha andika kwenye cmd amri ya kukagua na kurekebisha diski: chkdsk E: /f.

Lakini umesema vitu vyote umeshavihamisha. Kama ni hivyo, fungua mafaili kadhaa kwenye kompyuta mpya, hasa yale makubwa, uhakikishe yanafunguka kweli. Kisha bofya kulia kwenye diski hiyo ya nje na uifomati, yaani uifute yote. Namba za S-1-5-21, nafasi zilizofichika na folda zote tatu zitaondoka kwa pamoja.