Rampu za Uwanja wa Skeitibodi: Kazi Tumpe Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kamati yetu imekabidhiwa uwanja wa zamani wa mpira wa kikapu, wenye sakafu ya zege, ili tuugeuze kuwa uwanja wa skeitibodi (mbao za magurudumu za kusimamia na kuteleza) utakaotumiwa na vijana wa mtaa bila malipo. Wazabuni watatu wamejitokeza: wa kwanza anauza rampu, yaani miinuko ya kuchezea, za mbao, wa pili za chuma na wa tatu za zege. Wa mbao ndiye mwenye bei nafuu, na wajumbe wengi wanamwelekea, ingawa hakuna hata mmoja wetu anayeujua mchezo wenyewe. Tutumie kipimo gani? (Katibu wa kamati)

JIBU: Ndugu Katibu, kabla ya kulinganisha bei, waombeni wazabuni wote wawatajie viwanja walivyovijenga miaka mitano iliyopita au zaidi, kisha mwende mkavione kwa macho yenu, ikiwezekana siku inayofuata mvua. Rampu mpya haina aibu ya kuficha; ya zamani ndiyo inayomtaja fundi wake.

Mkifika, inameni pale ambapo rampu inakutana na sakafu, penye bamba jembamba la chuma, na mpitishe kiganja. Gurudumu la skeitibodi ni gumu na kipenyo chake ni kama milimita 50 tu, kwa hiyo bamba lililobenuka, au hata skrubu moja iliyochomoza kichwa, hulikwamisha ghafla: ubao husimama, na mtoto huendelea na safari peke yake. Halafu pandeni juu mlitikise lile bomba la ukingoni ambalo wachezaji huteleza juu yake kwa ubao. Likicheza hata kidogo, mzabuni huyo ana maswali ya kujibu.

Kuhusu mbao, sikatai kwamba ni laini kwa mchezaji na ni rahisi kukarabati. Hata hivyo, maji hupenya kwenye kingo na matundu ya skrubu, plaiwudi ikavimba na hatimaye kubanduka tabaka kwa tabaka, na ndiyo maana mimi nisingeiweka nje pasipo paa. Zipo mbao zinazofunikwa kwa karatasi ngumu zilizogandamizwa pamoja na gundi maalumu, ambazo huvumilia zaidi. Mwulizeni mzabuni wenu kama bei yake inahusisha uso wa aina hiyo. Chuma ni imara, ila hupata moto juani na kelele zake huwafikia majirani. Zege ni tulivu, hudumu miaka mingi na halidai matunzo makubwa, lakini mkunjo uliokosewa katika zege hausahihishwi kwa bisibisi. Aidha, vipande vyake ni vizito sana, hivyo mhandisi athibitishe kwanza kwamba sakafu mliyonayo inavimudu.

Mwulizeni pia kila mzabuni anafuata kiwango kipi cha usalama. Barani Ulaya hutumika EN 14974, na Marekani kuna mwongozo wa ASTM F2334 kwa rampu zinazowekwa juu ya ardhi. Jibu la mdomo halitoshi: takeni hati ya ukaguzi iliyotolewa na mtu asiye mwajiriwa wa kiwanda. Dhamana nayo isomwe neno kwa neno, kwa sababu dhamana ndefu ya fremu haimsaidii mtu ambaye uso wa rampu umetoboka.

Jambo ambalo kamati nyingi hulipuuza ni nafasi. Uwanja kamili wa kikapu una mita 28 kwa 15, na katalogi hushawishi watu waujaze. Mchezaji akishatua anahitaji muda wa kupanga miguu kabla ya kukutana na kikwazo kingine. Mkimnyima nafasi hiyo, vifaa vingi vitageuka kuwa viti vya kukalia. Mchoro utakaoletwa wapeni vijana wanaocheza, wauchore kwa chaki juu ya sakafu na kuutembea, na wawili kati yao waandamane nanyi katika ziara niliyoitaja.

Huyo wa mbao msimkatae kwa sasa. Mwambieni aongeze gharama ya paa na ya kubadilisha uso wa rampu, ndipo mzilinganishe bei upya. Yeyote mtakayemchagua, mkataba useme kwamba sehemu ya malipo itabaki mkononi mwenu hadi rampu zikaguliwe tena baada ya msimu mmoja wa mvua.