Mjomba Anajibu: Kaa wa Mtoni

Mjomba, kaa wa kijito chetu walitoka baharini? (Darasa la tano, Mbale)

Hapana. Swali hili halikosekani, kwa kuwa picha za vitabuni ni za kaa wa pwani. Ziwa Victoria, Nile na vijito vya Elgon na Rwenzori vina kaa wake, wanaozaliwa na kufa humo humo. Mayai ya kaa wengi wa baharini huanguliwa viluwiluwi vinavyoelea. Wetu hutoka vikaa kamili, na mama huvibeba chini ya tumbo. Ukimtia mkebeni jike wa namna hiyo, umebeba familia nzima. Mrudishe.

Ana miguu mingapi?

Kumi, pamoja na magando. Wenye kijito karibu, hesabuni wenyewe kabla ya kuniandikia.

Anakula nini? Mbona kwetu wamepungua? (Kabale)

Hula konokono, wadudu, mizoga, na hasa majani yaliyoanguka majini. Huyakatakata, na vipande hulisha viumbe wadogo. Sasa niambie, baba akikata miti yote ya ukingoni apande viazi, majani yatatoka wapi? Mvua hushusha udongo, ukaziba mapango na nafasi za chini ya mawe anamojificha. Halafu mtu anaoshea bomba la dawa ya mimea mtoni! Kanuni za Uganda za kulinda kingo za mito, za mwaka 2000, zinataka mita 30 ziachwe ukingoni hata kwa mito midogo. Mwulizeni mwalimu awapeleke na futi kamba mkapime. Majirani wengine wataona aibu.

Mama anasema kaa huleta upofu. (Kasese)

Hajakosea sana. Kuna inzi mweusi, Simulium neavei, ambaye viluwiluwi vyake hujishikiza mwilini mwa kaa katika vijito vya msituni. Akishakua huruka, na jike aliyemuuma mgonjwa wa usubi, yaani ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha, huweza kumpelekea mtu mwingine minyoo hiyo. Kaa amepandiwa tu, kwa hiyo msiwaponde. Elgon maambukizi yalikomeshwa kwa dawa za kumeza na kwa kuwaangamiza viluwiluwi mitoni. Vidonge vikigawiwa kwenu, mezeni.

Analiwa?

Ndiyo, akipikwa akaiva kabisa. Kaa mbichi anaweza kuwa na minyoo ya mapafu.

Wale wekundu wa Ziwa Bunyonyi ni kaa?

Ni kamba wa maji baridi, asili yao Amerika, na waliletwa na watu. Kuleni mnavyotaka, ila asiwepo wa kuwabeba wazima na kuwaachia kijito kingine.